Udhu wa Mizani

Vijana wa ghalani mmeniletea daftari na kalamu mbili, mkasema, "Bibi Mizani, andika ulivyofanya kazi, tusije tukabaki na hadithi za kusikia." Haya. Mimi ni Somoe, darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe nililimaliza kwa kuonewa huruma. Mwandiko wangu ni kama kuku amepita kwenye unga. Asiyeweza kuusoma aniite, nitamsomea, mimi nakumbuka nilichoandika.

Nimekaa katika chama chetu cha msingi cha wakulima wa korosho cha Tingi tangu mama zenu wengine hawajavunja ungo. Vyeo sitavisema, maana nilipata viwili tu na kimoja nilinyang'anywa. Nitawasimulia mtu aliyenifundisha kazi, marehemu Mhasibu Rashidi, na kosa nililomfanyia. Nusu ya kosa hilo mmewahi kuisikia. Nusu nyingine nimekaa nayo mpaka nimezeeka.

Nilianza kama mfagizi. Siku ya kwanza nilitaka nionekane mchapakazi, nikafagia ofisi, nikafuta meza, nikapiga maji madirisha. Ukutani palikuwa na ubao mweusi umejaa chaki kutoka juu mpaka chini. Nikauona mchafu. Nikaufuta kwa kitambaa kibichi mpaka ukang'aa.

Mhasibu akaingia, mtu mwembamba, mrefu, kofia ya kushonwa kwa mkono kichwani, filimbi inaning'inia shingoni. Akasimama mbele ya ule ubao.

"Nani amefuta?"

"Mimi, Mhasibu."

"Ilikuwa hesabu ya mizigo ya siku tatu. Hujui kusoma?"

"Najua. Darasa la tatu."

"Sasa ulisoma ndipo ukafuta, au ulifuta bila kusoma?"

"Nilifuta kwanza, nikawaza kusoma baadaye."

Akavuta pumzi, akasema, "Mungu akuongoze." Nikafurahi nikidhani nimeombewa dua. Baadaye wachezaji wake wakanieleza kwamba Mhasibu hatukani. Tusi lake kubwa ndilo hilo. Akikwambia Mungu akuongoze katikati ya mpira, vua jezi, umeshatolewa.

Maana Mhasibu alikuwa pia kocha wa timu ya kijiji, na sijui kipi alikipenda zaidi. Sala hakuichezea. Adhana ikilia na wewe una gunia mgongoni, utalitua, utamngoja. Alikuwa na mkeka wake nyuma ya mizani, na alasiri ikishasaliwa unamwona anapandisha kanzu, anaifunga kiunoni, anakwenda uwanjani, filimbi shingoni na tasbihi mfukoni. Siku moja walikuwa wanacheza na watu wa Njinjo, pakatokea rafu mbaya, akapeleka mkono mdomoni kwa hasira akapuliza tasbihi. Alicheka yeye kabla yetu.

Nyumbani alikuwa na mke, Bi Zuhura, na mabinti watano. Watu walimpa pole kwa kukosa mtoto wa kiume, yeye akawauliza, "Pole ya nini? Nimebakiza sita nipate timu." Yule mdogo alimsimamisha golini nyuma ya ofisi, kati ya magunia mawili matupu, akimpigia mpira wa makaratasi huku anangoja chai. Mchana alikula kwake, na yule mkewe yeye alimpa jina la Mwenyekiti. Ukimwomba ruhusa ya jambo gumu anakwambia, "Ngoja nikaulize Mwenyekiti," ukadhani ni mwenyekiti wa chama, kumbe anakwenda kumuuliza Bi Zuhura huku anamenyewa muhogo.

Huyo ndiye aliyenitoa kwenye ufagio. Mpimaji aliyekuwepo alihamia Kilwa Masoko, na Mhasibu akasema Somoe atajaribu. Wazee wakaguna. Mwanamke, darasa la tatu, asimame mizanini? Mhasibu akasema mizani haijawahi kumuuliza mtu cheti.

Akanifundisha kutoa kwa mpira. Mimi kujumlisha nilikuwa najua, kutoa kulinishinda toka shuleni. Akanisimamishia wachezaji kumi na moja kichwani. "Refa ametoa wawili. Mmoja amevunjika. Mmoja amekwenda kusalimia mkwewe. Wamebaki wangapi?" Saba, hao nawaona, naona mpaka nani amekwenda kwa mkwe. Mpaka leo nikipewa hesabu ya kutoa lazima kwanza nimvunje mtu mguu.

Halafu akanifundisha kile kitu mnachonicheka nacho, udhu wa mizani. Mizani yetu ya wakati ule haikuwa hii yenu ya taa nyekundu. Ilikuwa ya kuning'iniza, uso wa mviringo kama saa ya ukutani, mshale mmoja, ndoano chini, na juu ya uso skrubu ndogo ya kurekebishia sifuri. Mhasibu alikuwa na jiwe, watu wa vipimo walilipima wakathibitisha ni kilo kumi kamili, akalipaka rangi ya kijani ya timu. Kila asubuhi, kabla gunia la kwanza halijapanda, unatazama mshale umelala kwenye sifuri, unaning'iniza jiwe, unasoma kumi, unalishusha, unatazama sifuri tena. "Huwezi kusali bila udhu, Bi Somoe," alisema, "na huwezi kumpimia mtu jasho lake na mizani ambayo haijatawadha." Nikafanya hivyo misimu mitatu bila kukosa hata siku moja. Nikaota mabawa. Nikaanza kutembea sokoni taratibu, kama mtu anayesubiri kusalimiwa.

Hapo ndipo alipozaliwa mjukuu wangu wa kwanza, Shaibu.

Nitasema ukweli, sikuwa mzima. Mtoto alikuwa mzuri, lakini mimi nilimzidisha. Nikiulizwa bei ya korosho, najibu Shaibu ameota jino. Kwa bahati mbaya, jirani yangu Bi Mwanahawa naye alipata mjukuu, Selemani, wiki ileile. Tukashindana kwa kila kitu. Wake amegeuka, wangu ameketi. Wake ameketi, wangu ameita bibi, ingawa alichosema hasa ni "bu".

Watoto walipofika miezi sita, asubuhi moja ya katikati ya msimu, Mwanahawa akaja ghalani mapema na Selemani mgongoni. Mhasibu hakuwepo, alikwenda Masoko kwenye kikao cha kupanga mechi za kombe la wilaya. Na mimi Shaibu nilikuwa naye, mama yake ana homa.

"Shoga," akasema Mwanahawa, "nipimie huyu nione. Zahanati foleni ndefu."

Hakutaka kuona. Alitaka nione mimi. Nikafunga kanga kwenye ndoano kama machela, tukamweka Selemani. Kilo nane. Mwanahawa akakohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu aliyeshiba sifa.

"Na wako je?"

Nikamwambia wangu amelala, apite baadaye kidogo, maji ya kunywa yako mtungini nje. Alipotoka nikampima Shaibu haraka. Saba na nusu. Nikampima tena, labda alikuwa hajakaa vizuri. Saba na nusu.

Sasa hii ndiyo ile nusu msiyoijua. Nilichukua kisu cha kufungulia magunia, nikapanda juu ya kigoda, nikazungusha ile skrubu ya sifuri mpaka mshale ukalala kwenye moja. Nikamwita Mwanahawa. "Njoo shoga, ameamka." Kilo nane na nusu. Mwanahawa akatazama mshale, akamtazama Shaibu, akamtazama Selemani kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu, akaondoka hajaaga.

Kabla sijakumbuka kurudisha skrubu, wakulima wakaingia. Ilikuwa foleni ya msimu ukiwa umechanganya, baiskeli na pikipiki mpaka barabarani. Mtoto nikamfunga mgongoni, nikaanza kazi. Udhu sikufanya. Kichwani nilijiona nimeshashinda na mizani toka alfajiri, udhu gani tena? Na hakuna mkulima aliyesema neno. Mkulima ukimpunguzia nusu kilo, kelele zake zinafika Njinjo. Ukimzidishia anageuka bubu, anatazama paa.

Jioni lori likabeba kila kitu kwenda ghala kuu.

Kesho yake asubuhi nikaning'iniza jiwe. Mshale ukasoma kumi na moja. Ndipo nilipoikumbuka skrubu. Nikatazama mlangoni, hapakuwa na mtu, nikachukua kisu kilekile nikarudisha skrubu. Nikajiambia labda haitaonekana, kilo mojamoja tu. Mimi niliyeshindwa kutoa nilisahau kwamba wenzangu wanajua kujumlisha.

Siku ya nne taarifa ikarudi. Mzigo wetu ulipungua kilo hamsini na tatu.

Na wiki hiyohiyo timu ilikuwa imevaa jezi mpya. Zilitumwa na binamu yake Mhasibu aliyeko Dar es Salaam, lakini nani atauliza hilo? Mkutano ukaitwa. Ukumbi ukajaa mpaka madirishani. Mzee mmoja wa nyuma akasimama na fimbo yake.

"Mhasibu, nina swali dogo. Hizo jezi zimeshonwa kwa uzi au kwa korosho?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa mbele, karibu na Bi Zuhura. Niliona shingo yake inavyokakamaa.

Mhasibu akasimama. "Korosho sikuchukua. Lakini siku ile mizani ilifanya kazi mimi sipo, nilikuwa kwenye mambo ya mpira. Ghala ni amana yangu, nikaiacha kwa ajili ya mchezo. Kwa hiyo naweka nadhiri mbele yenu. Sitakanyaga uwanjani, wala sitashika filimbi, mpaka kilo hizi zijulikane zilikokwenda, na zijulikane mbele ya watu kama mlivyo hapa."

Akavua filimbi, akaiweka mezani kwa mwenyekiti wa chama. Wote tulijua mtu yule nadhiri hakuivunja hata ya kuacha sukari.

Mnadhani nilisimama? Nilikaa pale kama gunia lililoshonwa mdomo. Nilijua mdomo nikiufungua narudi kwenye ufagio, na wale wazee walioguna watasema tulisema. Nikafikiria vile ninavyotembea sokoni.

Wiki tatu nilinyamaza. Kila asubuhi nilifanya udhu wa mizani mara tatu, kama mtu anayeoga sana akidhani aibu ni jasho. Mhasibu alikaa mezani na vitabu vyake, nampelekea chai, anashukuru tu. Watu waliacha kumwomba awasalishe alasiri, wakampisha mtu mwingine mbele. Alisimama safu ya nyuma akisali vilevile. Timu ikapewa msaidizi wake, kijana mwenye sauti kubwa na akili ya wastani, na kwa bahati ya Mungu ikafika fainali ya kombe, na Njinjo, nyumbani kwetu.

Siku mbili kabla ya fainali Bi Zuhura akanijia nyumbani. Nikajua nimekamatwa. Kumbe amekuja kulia shida.

"Shoga yangu, nisaidie huyu mtu. Saa kumi ikifika hana pa kwenda. Anakaa jikoni. Juzi amenieleza namna ya kukoroga uji. Jana amehesabu vikombe. Leo amewapanga watoto kwa urefu, anawaambia wafunguke, wakabe, na wenyewe wanataka kwenda chuoni kusoma Kurani."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Asubuhi nimemkuta anapiga pasi jezi za timu," akasema. "Zote. Moja moja. Kisha akamwita jirani azipeleke, yeye asikanyage huko. Nimeolewa naye muda mrefu, Somoe. Sijawahi kumwona mnyonge, na sasa wanangu wanaulizwa chuoni kama baba yao ni mwizi."

Akamchukua Shaibu, akampakata, akamwambia, "Mzito huyu." Maneno yale yalinichoma kuliko yote.

Siku ya fainali nilikwenda uwanjani nikijiambia nakwenda kutazama mpira tu. Mpira wenyewe siujui, najua kutoa tu. Njinjo walitufunga la kwanza, wakatufunga la pili. Msaidizi anapiga kelele, wachezaji wanamkimbia. Nikageuka nikamwona Mhasibu. Alikuwa nje ya uwanja, ng'ambo ya barabara, pale mstari wa nadhiri yake ulipoishia, kanzu imefungwa kiunoni kwa mazoea. Mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga hewa kila mpira ulipopita.

Mapumziko yalipopulizwa miguu yangu ikaondoka kabla yangu. Nikapita katikati ya uwanja, Shaibu mgongoni, mpaka kwa mwenyekiti wa chama aliyekaa mezani na kombe. Watu wakaanza kupiga miluzi. "Bibi anaingia namba ngapi?" Kuna aliyesema mtoto nyuma aingie golini.

Nikachukua kipaza sauti cha mtangazaji. Kilikuwa kimezimwa, nikaongea maneno mengi mazuri bila mtu kusikia, wakakiwasha, nikasahau yote mazuri. Nikasema, "Kilo hamsini na tatu ni mimi. Siku ile nilimpima mjukuu wangu kwenye mizani, mshale ukaharibika ukasimama kwenye moja, na sikufanya udhu. Kila gunia lililopanda siku ile lilizidi kilo moja. Korosho hazikuibiwa. Hazikuwepo. Mhasibu hana kosa."

Mwenyekiti akauliza, "Mshale uliharibikaje?"

Na hapo, watoto wangu, baada ya kutembea njia yote ile, bado nilibakiza. Nikasema, "Mtoto alipiga teke skrubu."

Uwanja mzima ulimtazama Shaibu. Miezi sita. Naye akajamba.

Nilipomaliza kusikia vicheko, Mhasibu alikuwa ameshavuka barabara. Mwenyekiti akampa filimbi. Akaivaa, akaja mpaka nilipo, akaongea kwa sauti ya chini.

"Magunia hamsini na tatu, kilo hamsini na tatu. Unadhani mimi sikujua kuhesabu, Bi Somoe?"

"Ulijua? Tangu lini?"

"Tangu siku taarifa iliporudi."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja mimi, nani angekubali tena kupimiwa na wewe?" Akamtazama Shaibu. "Na skrubu ile haipigwi teke, inataka kisu. Hiyo iliyobaki utailipa mwenyewe, siku utakayoiweza." Kisha akatazama saa, uso ukambadilika. "Lakini Mungu akuongoze, ungeniwahi kabla ya goli la pili."

Tulifungwa tatu. Msije mkadhani ukweli unafunga magoli.

Nikarudishwa kwenye ufagio msimu uliobaki, na nikaambiwa nipite na kapu nyumba kwa nyumba kuomba kilo mojamoja zirudi. Zilirudi arobaini na nane. Watano walisema lao gunia lilikuwa sahihi, Mungu anawaona. Bi Mwanahawa alikuwa wa kwanza kutoa. Alinimiminia korosho kwenye kapu, akazisawazisha kwa kiganja, akasema mbele ya watu, "Kilo ya mume wangu hiyo hapo. Na ile ya mjukuu wako nayo uirudishe."

Nikajibu kwamba mjukuu wangu kilo zake ni zake. Nikaondoka shingo juu.

Msimu uliofuata Mhasibu akanirudisha mizanini. Wazee hawakuguna. Mmoja tu, yule wa fimbo, aliniomba kila siku nimwoneshe jiwe kwanza, na nikamwonesha kila siku mpaka alipofariki.

Mhasibu mwenyewe tumemzika mwaka jana. Mnakumbuka, wengi wenu mlibeba. Sisi wanawake tulikuwa ndani na Bi Zuhura, nikasikia nje mtu wa familia anawauliza watu, kama kuna aliyekosewa na marehemu amsamehe. Wanaume wakaitikia kwa sauti moja kwamba wamemsamehe. Mimi nilibaki natafuta alichonikosea. Nikatafuta mpaka wakaondoka na jeneza. Sikupata kitu. Nilichopata ni deni langu mwenyewe, lile aliloniambia nitalilipa siku nitakayoliweza.

Kwa hiyo juzi, kabla sijaanza kuandika hapa, nikaenda kwa Mwanahawa. Shaibu sasa ni mwanaume, ana duka la vipuri vya pikipiki kule Mtanda, mwembamba kama ufito, na ukimwambia alikuwa kilo nane na nusu anacheka mpaka wateja wanaondoka. Nikamkuta Mwanahawa anapepeta mchele, macho hayaoni vizuri tena.

"Shoga," nikasema, "nimekuja kurudisha kilo. Shaibu alikuwa saba na nusu. Skrubu nilizungusha mimi, kwa kisu. Wako ndiye aliyekuwa mzito."

Akaendelea kupepeta. Nikadhani hajasikia.

"Najua," akasema mwisho. "Nimengoja sana hiyo kilo." Akaweka ungo chini. "Ila na mimi asubuhi ile nilimnywesha Selemani uji vikombe viwili kabla hatujaja. Tumbo lilikuwa kama ngoma. Sidhani kama angefika saba na nusu."

Nikamwomba aseme tena, pole pole, niiandike sawasawa.